Kompyuta Kutowaka Baada ya Kuongezewa RAM: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa wateja wa Kigoma mjini, Ujiji na wilaya za jirani ambao waliongeza RAM (kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta huitumia inapofanya kazi) katika kompyuta zao, wenyewe au kwa mkono wa fundi, na mashine ikakataa kuwaka. Wengi ni wenye stesheneri, makarani wa shule na wanafunzi wa vyuo, watu ambao kompyuta ikilala siku mbili kazi yao inasimama. Mwenye haraka aanze na swali la tatu. Ambaye bado hajanunua RAM atafaidika zaidi akianza na swali la sita.

1. Je, kompyuta ikigoma kuwaka baada ya kuongezewa RAM, maana yake mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) imeungua?

Mara nyingi sana, hapana. Kompyuta iliyokuwa ikifanya kazi vizuri kabla ya kufunguliwa na ikagoma mara tu baada ya kufungwa inapaswa kuchunguzwa kwanza katika kile kilichoguswa, yaani RAM yenyewe, sloti yake (nafasi inamochomekwa), na nyaya zilizosukumwa pembeni ili mkono upite. Mazabodi huweza kufa katika kazi hii, hasa RAM inapochomekwa wakati umeme haujakatwa au inapolazimishwa kuingia kinyume, lakini hayo ni machache yakilinganishwa na RAM isiyokaa sawasawa au isiyolingana na mashine. Fundi anayetangaza kifo cha mazabodi kabla hajairudisha RAM ya zamani na kujaribu tena amekimbilia hukumu, na mteja ana haki ya kumwomba afanye jaribio hilo mbele yake.

2. Feni zinazunguka na taa zinawaka, lakini kioo kimebaki cheusi. Kwa nini kompyuta haioneshi hata ujumbe wa kosa?

Kwa sababu hatua ya kuonesha ujumbe haijafikiwa. Kompyuta inapowashwa, programu ndogo iliyohifadhiwa katika chipu ya mazabodi, ambayo wengi tunaiita BIOS, huanza kwa kukagua vifaa vya msingi, na RAM hutafutwa na kuandaliwa kabla picha haijapelekwa kwenye kioo. RAM isipopatikana, au ikipatikana lakini isisomeke, kazi yote husimama hapo. Feni zinaendelea kuzunguka kwa kuwa hazihitaji chochote zaidi ya umeme, na mtu akiziona anaamini kwamba mashine iko hai na ubovu uko kwenye kioo. Wapo walioagiza kioo kipya kwa sababu ya RAM iliyoinuka upande mmoja.

Ni vyema hata hivyo kuhakikisha kwamba kebo ya kioo imerudishwa mahali pake, na kwamba katika kompyuta yenye kadi ya picha ya ziada kebo imechomekwa kwenye kadi hiyo. Kadi ya picha ikaguliwe pia, maana iko karibu na sloti za RAM na huweza kulegea mtu anapopenyeza mkono.

3. Nianzie wapi?

Anza kwa kuirudisha kompyuta katika hali iliyokuwa ikiwaka. Hatua hii huokoa muda kuliko nyingine yoyote, na ndiyo ambayo watu huiruka kwa sababu inaonekana kama kurudi nyuma.

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani au kwenye ekstensheni (kuzima swichi pekee hakutoshi), kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa sekunde kumi au zaidi ili umeme uliobaki ndani uishe. Kama ni kompyuta mpakato, chomoa chaja na ukate betri. Ikiwa betri iko ndani, kiunganishi chake kichomolewe kutoka kwenye mazabodi kabla ya kugusa kitu kingine. Kisha gusa chuma kisichopakwa rangi cha kasha ili umeme tuli ulio mwilini usiingie kwenye chipu. Watu wa Tabora walizingatie hili zaidi wakati wa kiangazi, kwa maana hewa inapokuwa kavu umeme tuli hujikusanya kwa urahisi, hasa kwa aliyevaa nguo za nailoni au anayekalia kiti cha plastiki.

Baada ya hapo toa RAM mpya yote, rudisha ya zamani katika sloti ileile ilimokuwa, na uwashe. Ikiwaka, umeshajua kwamba mazabodi, prosesa (chipu kuu ya kompyuta) na pawasaplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani) ni nzima, na tatizo limebaki katika RAM mpya au katika sloti iliyokuwa tupu. Sasa zima tena, kata umeme kama mwanzo, toa ya zamani, na uweke kipande kimoja tu cha RAM mpya katika sloti hiyo unayoijua kuwa nzima. Ikiwaka, kipande hicho ni kizima na kinakubalika. Kihamishie katika sloti ya pili ili uipime sloti. Ikigoma, jaribu kipande kingine, kama unacho. Badilisha kitu kimoja kwa kila jaribio. Anayebadilisha RAM, sloti na kebo kwa pamoja anaweza kubahatika mashine ikawaka, ila hatajua ni kipi kilichoiponya, na ikigoma tena wiki ijayo ataanza upya.

Ikiwa hata RAM ya zamani haiiwashi tena, usikate tamaa. Itoe na kuirudisha kwa uangalifu zaidi, kagua nyaya kama inavyoelezwa katika swali la nane, kisha ufuate swali la kumi kuhusu betri ya BIOS.

4. Nitajuaje kama RAM imekaa sawasawa?

Katika kompyuta ya mezani, tazama klipu za miisho ya sloti. Zikiwa zimejifunga zenyewe na kushika vishikizo vya RAM, imeingia. Kama ulilazimika kuzisukuma kwa kidole ili zifunge, basi haijaingia. Nguvu inayohitajika ni kubwa kuliko wanaoanza wanavyotarajia, kwa hiyo wengi husimamia njiani kwa hofu ya kuvunja mazabodi. Weka vidole gumba viwili juu ya miisho yote miwili, sukuma chini kwa usawa mpaka usikie mlio wa klipu. Mazabodi nyingine zina klipu upande mmoja tu, na upande usio na klipu ndio hubaki umeinuka kidogo bila mtu kuona. Angalia kwa tochi ya simu ukiwa umeinamisha kichwa usawa wa sloti: vichomeo vya rangi ya dhahabu visionekane zaidi upande mmoja kuliko mwingine.

Katika kompyuta mpakato, RAM huingizwa kwa mshazari wa takriban digrii 30, ikisukumwa hadi ndani kabisa, ndipo inalazwa chini mpaka vishikio viwili vya pembeni viikamate. Kosa la kawaida ni kuilaza kabla haijafika mwisho. Itashikwa na itaonekana nadhifu kabisa, lakini vichomeo havijagusana.

5. Kompyuta inatoa milio, au taa yake inawaka na kuzimika kwa mpangilio fulani. Hiyo ina maana gani?

Hiyo ni lugha ya BIOS pale inapokuwa haina kioo cha kuandikia, na kila mtengenezaji ana yake. Katika kompyuta nyingi za Dell za miaka ya karibuni, taa ya kuwashia huwaka kwa rangi ya chungwa mara kadhaa, kisha nyeupe mara kadhaa, halafu hurudia. Chungwa 2 na nyeupe 3 maana yake RAM haijaonekana kabisa, chungwa 2 na nyeupe 4 maana yake RAM imeonekana lakini ina hitilafu, na chungwa 2 na nyeupe 5 maana yake RAM hiyo haifai kwa mashine hiyo. Tofauti hiyo ina manufaa makubwa, kwani ya kwanza inakuelekeza kwenye ukaaji, na ya tatu inakuambia usipoteze muda kuisafisha. Kompyuta za mezani za HP za zamani kidogo huwasha taa nyekundu mara 5, zikifuatana na milio 5, kuashiria tatizo la RAM. Katika mazabodi nyingine nyingi, mlio mrefu unaojirudia bila kukoma ni malalamiko ya RAM.

Ukimya nao usikupotoshe. Kompyuta zilizoundwa na mafundi mara nyingi hazina spika ndogo ya mazabodi, hivyo haziwezi kulia hata zikitaka.

6. RAM imeingia kwenye sloti vizuri kabisa, muuzaji anasema ni nzima, na kweli kwenye kompyuta nyingine inafanya kazi. Kwa nini kwangu inakataa?

Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea, na inafaa kusoma taratibu.

Kizazi cha RAM ndicho cha kwanza. DDR3, DDR4 na DDR5 hazibadilishani, na pengo lililokatwa katika vichomeo liko mahali tofauti kwa kila kizazi ili kuzuia kuchanganya. Ukiona RAM inagota katikati, simama. Haihitaji nguvu zaidi. Huo ni mlango usio wake. Kwa kompyuta za mezani DDR3 ina pini 240, nazo DDR4 na DDR5 zina pini 288 zote mbili, ila pengo halilingani. Kwa mpakato, DDR3 ina pini 204, DDR4 ina 260, na DDR5 ina 262.

Linalofuata ni volti, na hili huwanasa wenye mpakato. DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5, na ile iitwayo DDR3L hutumia volti 1.35. Kwa umbo zinafanana kabisa na zote huingia katika sloti moja. Kompyuta mpakato nyingi zenye prosesa za Intel za kizazi cha 4, ambazo bado zimejaa katika maduka ya vifaa vilivyotumika, zinataka DDR3L pekee. Ukiweka ya volti 1.5, kioo hubaki cheusi. DDR3L yenyewe hufanya kazi hata katika mashine nyingi za volti 1.5, kwa hiyo unapokuwa na shaka, nunua yenye herufi L.

Jambo la tatu ni RAM za seva, yaani kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine. Kompyuta za ofisi na seva zinapoondolewa kazini ng'ambo, RAM zake huuzwa kwa mafungu na kufika masokoni kwetu kwa bei inayovutia mno. RAM ya seva ya DDR3 au DDR4 huingia katika sloti ya kompyuta ya mezani bila kupinga, klipu zinafunga, na mashine haiwaki kamwe. Haijaharibika, imeundwa kwa ajili ya mazabodi za aina nyingine. Soma lebo yake. Baada ya namba kama PC3-12800 au PC4-2400T kuna herufi inayoitambulisha: U ni ya kompyuta ya mezani, S ni ya mpakato, R ni ya seva. Yenye E ni ya kompyuta maalumu za kazi nzito na seva ndogo, na kukubalika kwake kunategemea mazabodi, hivyo mteja wa kawaida aiache. Herufi hiyo moja ndiyo ningependa kila mnunuzi aikariri.

Pia kuna RAM za DDR3 za bei ya chini zinazouzwa kwa maelezo kwamba ni za mashine zenye prosesa za AMD tu. Maelezo hayo ni ya kweli. Chipu zake zimepangwa kwa namna ambayo mazabodi za AMD za wakati huo huzisoma, na za Intel hazizisomi. Muuzaji aliyeijaribu katika mashine ya AMD hakukudanganya aliposema ni nzima.

Mwisho ni ukubwa. Kila mazabodi ina kikomo, kwa jumla na kwa kila sloti. Mashine za Intel za DDR3 za kizazi cha 2 hadi cha 4 hazikubali zaidi ya GB 8 katika kipande kimoja, kwa hiyo mwenye sloti mbili anaishia GB 16 hata akipewa bure vipande vya GB 16 kila kimoja. Kuhusu kasi, tofauti si kikwazo kwa kawaida: ukichanganya RAM ya 2400 na ya 3200, zote zitakwenda kwa kasi ya ile ndogo. Nasema kwa kawaida kwa sababu kuna jozi ambazo kila moja ikiwa peke yake inawaka, na zikiwekwa pamoja mashine inagoma. Hizo hazina dawa zaidi ya kutumia vipande vinavyofanana.

7. Nimeambiwa kwamba RAM mpya imezidi uwezo wa pawasaplai. Ni kweli?

Si kweli. Kipande kimoja cha DDR4 hutumia wati chache tu, mara nyingi hazifiki 5, na hakuna pawasaplai inayoweza kubeba kompyuta nzima ikashindwa na nyongeza hiyo. Pawasaplai iliyochoka inaweza kufa siku hiyohiyo, lakini haikuuawa na RAM.

8. Kompyuta haionyeshi dalili yoyote, hata feni hazizunguki. Nako ni RAM?

Inawezekana, ila uwezekano mkubwa zaidi ni waya uliochomoka. Kompyuta ya mezani yenye RAM mbovu kwa kawaida huzungusha feni, au hujiwasha na kujizima mfululizo. Ikiwa kimya kabisa, kagua kiunganishi kikubwa cha pini 24 kinachotoka kwenye pawasaplai, maana katika mazabodi nyingi kiko jirani na sloti za RAM na husukumwa mtu anapotafuta nafasi. Kagua kile cha pini 4 au 8 kilicho karibu na prosesa. Kagua nyaya nyembamba zinazotoka kwenye kitufe cha kuwashia, ambazo hutoka kwa mguso mdogo. Usisahau swichi ya nyuma ya pawasaplai.

Kasha likiwa wazi, angalia pia kilichoingia humo. Katika mji wetu nimetoa mende, sisimizi na mijusi waliokauka ndani ya kompyuta za mezani, na mjusi aliyelala juu ya pini za mazabodi anaweza kuunganisha umeme pasipotakiwa. Kasha likitikiswa wakati wa kufunguliwa, aliyekufa pembeni husogea akaangukia mahali pabaya.

9. Je, ni sahihi kusafisha vichomeo vya RAM kwa ufutio wa penseli?

Mafundi wengi hufanya hivyo na husaidia, hasa kwa RAM iliyokaa muda mrefu katika hewa yenye unyevunyevu kama ya pwani ya Ziwa Tanganyika, ambapo utando hafifu hujijenga juu ya vichomeo. Tumia ufutio mweupe laini, usugue kwa upole kuelekea ukingoni, na upanguse vumbi lake lote kabla ya kurudisha. Ufutio mgumu wenye chembechembe hukwangua tabaka la dhahabu, na tabaka hilo ni jembamba mno. Spirti ya asilimia kubwa na kitambaa kisichotoa nyuzi ni bora zaidi. Spirti ya duka la dawa mara nyingi ni asilimia 70, yaani iliyobaki ni maji, kwa hiyo iachwe ikauke kabisa. Sloti yenyewe ipulizwe kwa kipulizio au isuguliwe kwa brashi kavu. Kupuliza kwa mdomo kunaongeza mate juu ya vumbi.

10. Kuondoa betri ya BIOS kunasaidia nini, na kuna hatari gani?

Mazabodi huhifadhi mipangilio yake, pamoja na ile ya RAM, katika kumbukumbu ndogo inayolindwa na betri ya duara aina ya CR2032 ya volti 3. Wakati mwingine mipangilio iliyowekwa kwa RAM ya zamani, hasa kama mtu aliwahi kuipandisha kasi, haiendani na mpya. Kata umeme wote, toa betri hiyo, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa, subiri dakika chache, kisha irudishe. Fursa hiyo itumike kuibadilisha kama ni ya miaka mingi. Hupatikana hata kwa mafundi saa.

Yapo mambo ya kujua mapema. Tarehe na saa vitarudi nyuma, na usipovirekebisha, tovuti nyingi zitakataa kufunguka kwa madai kwamba muunganisho si salama. Mpangilio wa namna diski inavyosomwa unaweza kubadilika, Windows ikashindwa kuanza ilhali haina ubovu. Rudisha mpangilio wa awali ndani ya BIOS. Kubwa zaidi, kompyuta ambayo diski yake imefungwa kwa BitLocker, ulinzi wa Windows unaoficha data, inaweza kudai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Kompyuta nyingi mpya huja na ulinzi huo tayari bila mwenyewe kujua, na ufunguo mara nyingi umehifadhiwa katika akaunti yake ya Microsoft. Uutafute kwa simu kabla hujagusa betri.

11. Nimeweka DDR5, kioo ni cheusi kwa dakika kadhaa. Nizime?

Subiri kwanza. Mashine za DDR5 zinapokutana na RAM mpya huipima na kujirekebisha kabla ya kuonesha picha, na kazi hiyo inaweza kuchukua dakika kadhaa, hasa RAM ikiwa nyingi. Ukizima katikati, kazi huanza upya. Kwa maeneo ambayo umeme hukatika bila taarifa, jaribio hili lifanyike kwa UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme unapokatika. Kama mazabodi ina sloti nne na wewe una vipande viwili, viweke katika ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, isipokuwa kitabu cha mazabodi kielekeze vingine.

12. Kompyuta yangu ni mpakato na nimeona sloti moja tu. RAM nyingine iko wapi?

Huenda sloti ya pili iko chini ya kibodi, au RAM ya kwanza imeunganishwa moja kwa moja kwenye mazabodi na haiwezi kuondolewa. Mpakato nyembamba nyingi za siku hizi hazina sloti hata moja, na muuzaji anayekuahidi kuziongezea RAM anapaswa kukueleza kwanza ataiweka wapi. Kabla ya kufungua, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya utendaji (Performance), kisha kumbukumbu (Memory). Hapo Windows hutaja kasi ya RAM, na mara nyingi idadi ya sloti na zinazotumika.

13. Imewaka, lakini inaonesha nusu ya RAM, au inaleta kioo cha bluu na kujizima.

Hayo ni matatizo mawili. RAM pungufu mara nyingi ni kipande kimoja kisichokaa sawasawa, kwa hiyo rudi swali la nne. Ikiwa Windows ni ya biti 32, haitatumia zaidi ya GB 4 hata ukiweka 16, na dawa yake ni kuweka ya biti 64. Ikiwa BIOS inaiona RAM yote na Windows haitumii yote, andika msconfig katika kisanduku cha kutafutia, fungua sehemu ya kuwasha (Boot) na mipangilio yake ya ziada, uone kama kuna aliyeweka kikomo cha kumbukumbu.

Kioo cha bluu ni jambo zito zaidi. Andika mdsched katika kisanduku hicho cha kutafutia, uruhusu Windows ijiwashe upya na kupima RAM. Kipimo hicho ni cha haraka na huacha makosa mengine yapite. Kinachoaminika zaidi ni Memtest86+, programu ya bure inayowashwa kutoka kwenye flashi na kuachwa ifanye kazi kwa saa kadhaa, ikiwezekana usiku kucha. Kosa hata moja linatosha kuikataa RAM. Usiendelee kufanyia kazi mashine ya namna hiyo, kwa kuwa RAM mbovu huandika data mbovu kwenye diski, na faili za mitihani au mahesabu ya duka huharibika kimyakimya wakati mwenyewe anashukuru kwamba kompyuta imewaka.

14. Naagiza RAM kutoka Dar es Salaam. Nifanye nini nisiletewe isiyofaa?

Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na kifurushi kikifika na kitu kisicho sahihi, nauli ya kukirudisha na siku za kusubiri ni juu yako. Toa RAM iliyomo sasa, piga picha lebo yake ikisomeka herufi zote, na umtumie muuzaji pamoja na jina kamili la modeli ya kompyuta lililo chini ya mpakato au nyuma ya kasha. Kumwambia unataka RAM ya GB 8 ya HP hakumsaidii, kwani HP imetengeneza mashine za kila kizazi. Kabla ya kutuma fedha, mwombe na yeye apige picha lebo ya kile anachokufungia, kisha linganisha: kizazi, herufi ya L kama ipo, na herufi ya U au S. Mkubaliane kwa maandishi kama atapokea ikirudishwa kwa kutolingana, maana wauzaji wengi hukubali RAM mbovu tu.

15. Nikishindwa, fundi nimpelekee nini?

Mpelekee kompyuta pamoja na RAM zote, mpya na ya zamani, na chaja au waya wake. Mweleze bila kuficha kilichofanyika, hata kama ni kuchomeka RAM umeme ukiwa haujakatwa, kwa sababu hilo ndilo linalomwelekeza apime nini kwanza. Fundi aliyejiandaa atakuwa na RAM yake ya kupimia ya kila kizazi. Asiye nayo atakuwa anakisia kwa gharama yako. Akishabaini, RAM yako ya zamani irudi nayo nyumbani, ikiwa ndani ya mfuko wake wa kuzuia umeme tuli au imefungwa kwa karatasi safi kavu, kwani ndiyo utakayoitumia kupima mashine hiyo ikigoma tena.